Maisha ya Askari Baada ya Kuvua Sare: Somo la Mwambao wa Rumonge

Kila mara mwezi unapokuwa mpevu juu ya Ziwa Tanganyika, mitumbwi ya wavuvi wa ndagala huvutwa ikapandishwa mchangani, kuanzia Magara na Minago hadi Rumonge na Nyanza-Lac. Samaki hao huvuliwa usiku kwa taa. Giza likiwa nene, taa huwavuta wakakusanyika juu ya wavu. Mwezi ukiangaza ziwa lote, taa ya mvuvi hupoteza nguvu zake na wavu hurudi mtupu. Kwa siku kadhaa, basi, mvuvi hana kazi wala kipato, wala hana ofisi ya kwenda kulalamika. Lakini watoto wake hula siku hizo kama walavyo siku nyingine zote.

Mvuvi mwenye busara hujua tangu usiku wa kwanza wa giza kwamba mwezi mpevu unakuja, naye huweka kando sehemu ya kila alichokivua. Asiye na busara hungoja mpaka mtumbwi uwe mchangani, kisha humwendea mnunuzi wa samaki akakopa. Deni hilo hulilipa kwa samaki ambao bado wamo majini, na bei yao huipanga mnunuzi. Hivyo hata giza likirudi, mvuvi huyo havui tena kwa ajili ya nyumba yake.

Ndugu askari wa jeshi na ndugu askari wa polisi, tumeanza na mvuvi kwa sababu kustaafu kwetu kunafanana sana na mwezi mpevu wa ziwa. Ni jambo linalojulikana mapema. Kila mmoja wetu anajua mwaka aliozaliwa, mwaka alioingia kazini, na kwa hiyo anaweza kuhesabu kwa vidole mwaka atakaorudisha sare ghalani. Hata hivyo wako wenzetu wengi wanaoipokea siku hiyo kana kwamba wameshambuliwa kwa kushtukizwa.

Makala hii ina neno moja la kusema. Uhuru wa askari mstaafu hupimwa kwa tofauti iliyopo kati ya kinachoingia nyumbani mwake kila mwezi na kinachotoka. Wingi wa fedha alizoondoka nazo kazini ni jambo la pili. Na tofauti hiyo hapana budi ijengwe wakati mtu angali kazini, kwa sababu baada ya hapo nafasi ni finyu na makosa ni ghali.

MSHAHARA USIOONEKANA

Yafaa kwanza tujiulize kwa nini jambo hili humlemea askari kuliko mkulima au mchuuzi. Sababu ya kwanza ni kwamba askari hulipwa mishahara miwili. Mmoja ni ule anaoutia sahihi. Mwingine hauonekani: sare na viatu, chakula awapo kambini, gari limpelekalo kazini, na kwa baadhi yetu paa la kulala. Mtu aliyeishi miaka 20 au zaidi katika hali hiyo hajapata kununua baadhi ya vitu ambavyo jirani yake raia huvinunua kila wiki. Siku ya kustaafu mshahara ule unaoonekana hupungua, na ule usioonekana hukoma kabisa. Anayepanga maisha yake kwa kulinganisha pensheni na mshahara wa kwenye karatasi peke yake amekosea hesabu tangu mstari wa kwanza.

Sababu ya pili ni umri. Askari wa vyeo vya chini huondoka kazini mapema kuliko mtumishi wa ofisini. Huondoka akiwa bado na nguvu, jambo ambalo ni neema. Lakini mara nyingi huondoka akiwa na watoto katika shule ya msingi na ya sekondari, na pensheni yake huanza kazi wakati mzigo wa nyumba ndio kwanza umefika kileleni.

Sababu ya tatu ni heshima ya cheo. Mtu aliyezoea kupigiwa saluti huona vigumu kupanda baiskeli mbele ya wale waliokuwa wakimfungulia mlango wa gari. Huendelea kununulia meza nzima vinywaji, kuchangia harusi kwa kiwango cha zamani, na kupokea jamaa wasio na siku ya kuondoka. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Afande mstaafu huona haya kutoa jembe hilo, na matokeo yake ni kwamba cheo ambacho Serikali haikilipii tena hulipiwa na chakula cha watoto wake.

FEDHA ZINAZOKUJA KWA MKUPUO

Historia ya karibuni ya nchi yetu imetupa mifano miwili mikubwa ya askari kupata fedha nyingi kwa wakati mmoja, nayo yastahili kuchunguzwa bila kumlaumu mtu.

Mfano wa kwanza ni kupunguzwa kwa majeshi baada ya Mkataba wa Arusha wa mwaka 2000. Kazi ya kuwarudisha wapiganaji katika maisha ya kiraia ilianza mwezi Desemba 2004, na katika miaka iliyofuata watu zaidi ya 20,000, wa jeshi la zamani na wa makundi yaliyokuwa msituni, walivua sare. Walipewa posho ya kuanzia maisha, iliyotolewa kwa awamu, na msaada wa kuanzisha shughuli. Wengi walichagua biashara ndogo ndogo. Lakini biashara ni ufundi kama ufundi mwingine. Mtu ambaye hajapata kuuza hata kilo moja ya chumvi, akifungua duka kwa posho yake yote katika mtaa wenye maduka mengine manne, hujikuta baada ya muda mfupi ameula mtaji pamoja na faida ambayo hakuipata.

Mfano wa pili ni Somalia. Vikosi vyetu vya kwanza vilifika Mogadishu mwezi Desemba 2007 chini ya Umoja wa Afrika. Kiwango kilichowekwa kwa kila askari kilikuwa dola 1,028 kwa mwezi kabla ya makato, fedha ambazo hakuna mshahara wa askari wa kawaida nchini uliozikaribia. Kwa fedha hizo nyumba zilijengwa, viwanja vilinunuliwa, watoto walisomeshwa. Lakini mwaka 2016 Umoja wa Ulaya, uliokuwa ukizigharimia posho hizo, ulipunguza mchango wake kwa moja ya tano, na mwaka huohuo malipo ya vikosi vya Burundi yalichelewa kwa miezi kadhaa kutokana na mvutano juu ya njia ya kuyapitishia. Mwishoni mwa 2024 shughuli ya ATMIS ilifikia kikomo, na katika AUSSOM, iliyochukua mahali pake tarehe 1 Januari 2025, Burundi haimo. Chemchemi iliyotiririka miaka 17 imekauka, wala haikukauka kwa kosa la askari yeyote.

Tukiitazama mifano hii miwili pamoja, twaona jambo moja. Fedha zilizogeuzwa kuwa kitu kinachozaa kila mwezi zingali zinafanya kazi mpaka leo: chumba cha kupangisha, shamba, ada ya mtoto ambaye sasa ana kazi. Zile zilizogeuzwa kuwa gari, sherehe, au jumba kubwa lisilo na mpangaji zimekwisha, na wakati mwingine zimeacha gharama nyuma yake.

Majirani zetu nao wamo katika mjadala huuhuu. Nchini Tanzania, baada ya mifuko ya pensheni kuunganishwa mwaka 2018, kanuni ya kugawa mafao, iitwayo kikokotoo, ilizusha malalamiko makubwa. Mwaka 2022 sehemu ya kulipwa kwa mkupuo iliwekwa kuwa asilimia 33, na mwaka 2024 Serikali ikatangaza kuipandisha hadi 40 kwa watumishi ambao zamani walikuwa wakipata 50. Nchini Uganda, sheria ya mwaka 2022 ilimruhusu mwanachama wa mfuko wa taifa mwenye umri wa miaka 45 na aliyechangia miaka 10 kuchukua asilimia 20 ya akiba yake kabla ya kustaafu. Wafanyakazi wa kila mahali hutaka mkupuo mkubwa, na sababu zao zaeleweka: mtu hujenga kwa mkupuo, hajengi kwa senti za kila mwezi. Lakini kila kinachochukuliwa leo hupunguza kinachobaki kwa ajili ya mwaka wa 10 na wa 15 wa ustaafu, miaka ambayo mwili hauwezi tena kubeba jembe.

FARANGA INAYOPUNGUA

Wahenga walisema akiba haiozi. Kwa nafaka iliyokaushwa vizuri methali hiyo ni kweli. Kwa noti zilizofichwa chini ya godoro, matukio ya mwaka 2023 yametufundisha vingine.

Mwezi Mei mwaka huo Benki ya Jamhuri ya Burundi ilishusha thamani ya faranga, na dola moja iliyokuwa karibu faranga 2,100 kwa bei rasmi ikawa zaidi ya 2,800. Mwezi Juni benki hiyo ikaondoa katika mzunguko noti za zamani za faranga 5,000 na 10,000, na wananchi wakapewa siku 10 tu za kuzipeleka benki. Aliyekuwa safarini, aliyekuwa mgonjwa, na mjane ambaye hakujua marehemu alificha wapi, wote hao walijionea wenyewe kwamba sanduku la nyumbani halina mlinzi. Katika mwaka huo bei zilipanda kwa wastani wa asilimia 27 hivi.

Tufanye hesabu nyepesi. Tuseme bei zinapanda kwa asilimia 20 kila mwaka, nayo pensheni haibadiliki. Baada ya miaka 4 bei zitakuwa zimezidi mara mbili, na pensheni ileile itanunua chini ya nusu ya kile iliyokinunua mwanzo. Mstaafu huyo hakucheza kamari, hakulewa, hakuibiwa. Amekaa tu kwenye kiti chake akingoja mwisho wa mwezi.

Kutokana na hesabu hiyo twapata kanuni moja: mstaafu asitegemee faranga peke yake. Yampasa awe na kitu ambacho thamani yake hupanda pamoja na bei za soko. Muhogo, maharagwe, mafuta ya mawese, samaki mkavu, kodi ya chumba: bei zikipanda, navyo hupanda. Na chakula kinachotoka shambani kikaingia chunguni moja kwa moja hakijui kabisa habari za mfumuko wa bei. Hapo ndipo mwambao wa Rumonge unapokuwa na la kutufundisha.

MCHIKICHI HAUPANDWI SIKU YA KUSTAAFU

Rumonge, mji ulio kilomita zipatazo 75 kusini mwa Bujumbura, ulikuwa makao ya mkoa uliopewa jina lake mwaka 2015, na katika mgawanyo mpya wa mikoa uliotekelezwa mwaka 2025 umo katika mkoa wa Burunga. Mipaka imebadilika, lakini mchikichi haukubadilika. Zao hilo ndilo uti wa mgongo wa mwambao huu: hutoa mawese ya kupikia sombe na maharagwe, mbegu zake hutoa mafuta ya kutengenezea sabuni, na makapi yake huwashia moto.

Askari anayetaka kuutegemea mchikichi lazima aijue tabia yake. Mche bora wa aina ya tenera, wenye tunda la kokwa jembamba na nyama nyingi, huanza kuzaa baada ya miaka 3 au 4. Mavuno hupanda taratibu mpaka mti ukomae, kisha mti huendelea kuzaa kwa faida hadi umri wa miaka 25 hivi. Katika hektari moja hupandwa takriban miti 143, mti na mti zikiachana mita 9. Wachache wetu wana hektari nzima. Lakini hata miti 20 au 30 katika kipande kidogo ni chanzo cha kipato chenye umri mrefu kuliko biashara nyingi za sokoni. Katika miaka ya kwanza, wakati michikichi ingali midogo, nafasi kati ya miti hupandwa maharagwe, mahindi au muhogo, na shamba halikai bure hata msimu mmoja.

Hesabu yake ni rahisi. Anayepanda mwaka anaostaafu atangoja miaka 4 huku akila mkupuo wake. Anayepanda miaka 4 kabla ya kustaafu atakuta mti unamngoja. Tofauti kati ya watu hawa wawili haitokani na cheo wala mshahara. Mmoja aliitazama kalenda, mwingine hakuitazama.

Ziwa nalo ni mlango wa kipato, lakini yafaa liingiwe kwa tahadhari. Nchi nne zinazolizunguka, yaani Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, zimekubaliana kulipumzisha kwa miezi 3 kila mwaka ili samaki wazaliane. Nchini Tanzania mwaka 2024 uvuvi ulifungwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti. Ukiongeza miezi hiyo juu ya siku za mwezi mpevu, utaona kwamba anayenunua mtumbwi, nyavu na taa kwa mkupuo wake wote amenunua shughuli yenye likizo nyingi zisizo na malipo. Ni afadhali kuanza na sehemu ya kazi ambayo hasara yake ni ndogo. Kwa mfano, kwenye mwambao wetu Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilieneza chanja za nyavu zilizoinuliwa karibu mita 1 kutoka ardhini. Ndagala waliokaushwa juu ya chanja hukauka upesi, hawana mchanga, hawakanyagwi na mifugo, na bei yao ni nzuri kuliko ya wale walioanikwa chini. Chanja hujengwa kwa miti, misumari na wavu, na mama wa nyumbani aweza kuisimamia.

KIWANJA CHENYE MGOGORO NI ADUI

Wengi wetu huota kujenga karibu na maji. Ndoto hiyo ina mitego miwili, na kila mmoja umeshawanasa watu.

Mtego wa kwanza ni ziwa lenyewe. Sheria ya maji ya mwaka 2012 inakataza kujenga ndani ya mita 150 kutoka ukingo wa Ziwa Tanganyika. Wako walioiona sheria hiyo kuwa ni maneno ya karatasi, mpaka mwaka 2024 maji yalipopanda kufikia kimo ambacho hakikuonekana tangu miaka ya 1960. Gatumba ilizama, na pwani ya Rumonge nayo ikaingiliwa na maji. Nyumba iliyofurika haina mpangaji, haiwekwi rehani, na iliyojengwa kinyume cha sheria haina wa kuidai fidia.

Mtego wa pili ni wa historia. Vurugu na mauaji ya mwaka 1972 yaliwafanya wakazi wengi wa Rumonge na Nyanza-Lac kukimbilia ng'ambo, hasa Tanzania. Mashamba yao yaligawiwa watu wengine, na mengine yaliingizwa katika mradi wa michikichi. Wakimbizi waliporudi baada ya amani walikuta watu wamekaa juu ya ardhi hizo miaka 30 na zaidi, wengine wakiwa wamenunua kwa nia njema. Tume ya ardhi na mali nyinginezo, CNTB, ilihangaika na mashauri hayo tangu mwaka 2006 hadi muda wake ulipokwisha mwaka 2022. Kufungwa kwa tume hakukufuta kumbukumbu za watu.

Kwa hiyo askari anayenunua ardhi katika mwambao huu asiridhike na sahihi ya muuzaji na mashahidi wawili walionunuliwa kinywaji. Aulize wazee wa mlima shamba hilo lilikuwa la nani kabla ya 1972. Awaulize majirani wa pande zote nne, kila mmoja kwa wakati wake. Aende katika ofisi ya ardhi ya tarafa, zilizowekwa chini ya sheria ya ardhi ya mwaka 2011, ahakikishe mipaka na kupata cheti kwa jina lake na la mkewe. Bei iliyo rahisi kupita kiasi mara nyingi ni dalili ya kesi iliyolala. Naye asitumie sare wala cheo kumtisha mtu katika jambo hili, kwani siku atakapokuwa raia, wale aliowatisha ndio watakaokuwa majirani na mashahidi wake.

MAZOEZI KABLA YA VITA

Hakuna kikosi kinachopelekwa mstari wa mbele bila mazoezi. Vivyo hivyo mtu asiingie katika ustaafu bila kuufanyia mazoezi. Katika mwaka wa mwisho wa kazi, au miwili ikiwezekana, familia ijaribu kuishi kwa kiasi kinacholingana na pensheni itakayokuja. Ikiwa pensheni itakuwa nusu ya mshahara, nyumba na iishi kwa nusu, nayo nusu ya pili ikalipe madeni, ikanunue miche, ikaezeke chumba cha kupangisha. Mazoezi hayo hufunua mambo ambayo karatasi haiyafunui: kwamba mkaa unakula kuliko nyama, au kwamba simu za nyumba nzima zinagharimu kuliko daftari za shule.

Tuchukue mfano wa pensheni iliyogawanywa mafungu 10. Mafungu 4 yaende kwa chakula kisichotoka shambani na matumizi ya nyumba. Mafungu 2 shuleni. Fungu 1 kwa matibabu. Fungu 1 kwa shamba, yaani mbegu, mbolea na kibarua. Fungu 1 kwa misiba, harusi na jamaa. Na fungu 1 liwekwe akiba. Kila nyumba itabadilisha mafungu kadiri ya hali yake. Lakini fungu la jamaa liwe na mwisho unaojulikana, na fungu la akiba liondolewe siku ya kwanza ya mwezi, kwani kinachongoja mwisho wa mwezi hakikuti kitu. Akiba yenyewe iwekwe mahali penye daftari na viongozi wanaowajibika, kama vile Coopec, au upatu wa watu wanaofahamiana na wenye idadi ndogo.

Juu ya madeni neno ni fupi. Mkopo unaokatwa kwenye mshahara usivuke siku ya kustaafu. Aliyekopa kwa ajili ya sherehe ya kuagwa ameanza maisha mapya akiwa tayari ametekwa.

Na mambo haya yote asiyapange mwanamume peke yake. Mama watoto ndiye aliyeiendesha nyumba wakati sisi tuko zamu, doria au Mogadishu. Ndiye ajuaye bei ya kilo ya muhogo wa leo. Mstaafu anayemficha mkewe kiasi cha mkupuo amemnyima shauri msaidizi wake wa karibu. Tena ajue kwamba sheria yetu huitambua ndoa iliyoandikishwa kwa msimamizi wa serikali. Mjane ambaye ndoa yake haikuandikishwa, au watoto wasio na vyeti vya kuzaliwa, huteseka sana kudai haki za marehemu. Cheti cha ndoa, vyeti vya watoto, barua za kuajiriwa na kupandishwa cheo, hesabu ya michango, kadi ya Mutuelle de la Fonction Publique: vyote hivi vikusanywe katika faili moja mapema, na mahali lilipo pajulikane na watu wawili. Kila upungufu urekebishwe mtu angali kazini, kwa sababu kuitafuta karatasi ya miaka 20 iliyopita ni kazi ngumu kwa mtu aliyekwisha kurudisha kitambulisho.

WAJIBU WA PANDE MBILI

Haitakuwa haki kumwachia askari mzigo huu peke yake. Aliyelinda nchi ana haki ya kulipwa pensheni yake kwa tarehe, ya kuelezwa mapema kiasi chake, na ya kuona kiasi hicho kikitazamwa upya bei zinapopanda kama zilivyopanda mwaka 2023. Wakuu wa vikosi nao wanaweza kufanya mengi kwa gharama ndogo: saa moja kila mwezi ya kuzungumzia matumizi ya fedha, orodha ya wanaokaribia kustaafu miaka 5 kabla, na nafasi ya kujifunza useremala, ufundi wa magari au kilimo. Mstaafu fukara ni huzuni kwa jamaa zake, na vijana walio kambini humtazama wakajiona wenyewe kesho. Askari anayeogopa kesho hujaribiwa leo. Kizuizi cha barabarani na ghala la kikosi ni mahali ambapo jaribu hilo huonekana. Kwa hiyo kumwandaa mtu kwa ustaafu ni sehemu ya nidhamu ya jeshi na ya polisi.

Lakini tukisema kweli, sehemu kubwa imo mikononi mwetu. Ndugu msomaji, jioni ya leo chukua karatasi. Andika mwaka utakaostaafu. Chini yake andika kila kitu ambacho kazi inakupa bure, na bei yake sokoni. Kisha andika madeni, na tarehe ya mwisho ya kila deni. Mwite mama watoto, msome pamoja, naye aongeze yale uliyoyasahau. Kama miaka iliyobaki ni zaidi ya 4, bado mchikichi una muda wa kukua. Kama ni pungufu, muhogo hauhitaji kungoja kiasi hicho, na chanja ya samaki hujengwa kwa siku mbili.

Wavuvi wa Rumonge hawana uwezo wa kuuzuia mwezi usiwe mpevu. Walio hodari kati yao wanachoweza ni kuzihesabu siku za giza zilizobaki na kuzitumia zote. Nasi siku zetu za giza tunazo bado, maadamu tungali katika sare.